Vitabu vya kuanza navyo kama unataka kujifunza hesabu na fizikia mwenyewe

Naulizwa sana hili swali na wadogo zangu walioko PCM (fizikia, kemia na hesabu za advanced), na siku hizi hata na watu wazima, watu waliomaliza shule zamani wakaingia kwenye umeme au kompyuta halafu kazi ikafika mahali inataka hesabu kwelikweli. Bro nianze na kitabu gani? Jibu langu halijabadilika: anza na kitabu cha chini kuliko unavyojiona upo, chenye maswali mengi na majibu nyuma, kaa nacho na daftari mpaka kiishe. Kimoja. Wengi wakisikia hivyo hawafurahi maana walishajiandaa kutajiwa majina makubwa, na hayo majina makubwa nitayataja humu humu ila kila moja lina sehemu yake kwenye foleni, na ukilichukua kabla ya wakati litakukatisha tamaa uanze kuamini kichwa chako hakifai wakati tatizo lilikuwa mpangilio tu.

Nianze na aljebra, na hapa nitakaa sana maana ndipo watu wanapofia. Mtu anakwambia fizikia ngumu, ukimuangalia anavyofanya swali unakuta fizikia ameielewa vizuri tu, kinachomshinda ni kuhamisha herufi. Chukua fomula ya lenzi ambayo kila aliyepita fomu four anaijua, 1/f = 1/u + 1/v, mpe f ni sentimita 10 na u ni 15, mwambie tafuta v. Wengi sana wataandika v = f − u wapate −5 na wataendelea na swali bila wasiwasi wowote. Jibu ni 30. Hapo huhitaji kitabu cha fizikia, unahitaji mtu akurudishe kwenye sehemu (zile za darasa la tano) akuonyeshe kwanini huwezi kugeuza kila kipande kivyake vyake. Ukitibu hilo tu, nusu ya fizikia ya sekondari inafunguka.

Kitabu ninachokipendekeza hapo kuliko vyote kinaitwa Algebra, cha Israel Gelfand na Alexander Shen. Ni chembamba, hakina picha za rangi, na ukifungua kurasa za mwanzo unaweza ukakidharau maana kinaanza na kujumlisha na kuzidisha. Usikidharau hata kidogo. Gelfand alikuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, alizaliwa 1913 kwenye mji mdogo kusini mwa Ukraine, sekondari hakuimaliza, na kuna kisa alichokuwa anakisimulia mwenyewe kwamba akiwa na miaka 15 alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo akawaambia wazazi wake haendi hospitali mpaka wamnunulie kitabu cha kalkulasi, wakanunua, akakisomea kitandani. Akaenda Moscow kijana mdogo hana cheti chochote na akiwa na miaka 19 tu akapokelewa kusoma shahada ya juu chini ya Kolmogorov, mwanahisabati mwingine mkubwa wa Kirusi. Sasa mtu wa namna hiyo, baadae akiwa profesa mkubwa, mwaka 1964 alianzisha shule ya hesabu kwa njia ya posta, kwa ajili ya watoto waliokuwa wanaishi mbali na miji mikubwa ya Urusi ya Kisovieti ambako hakukuwa na walimu wazuri wa hesabu. Mtoto anatumiwa maswali kwa barua, anafanya, anarudisha, yanasahihishwa na wanafunzi wa chuo kikuu Moscow. Vitabu vyake vile vidogo vilizaliwa kwenye kazi hiyo. Ndio maana nasema vinatufaa sisi kuliko vitabu vingi vinavyotangazwa, viliandikwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake kijijini na hana wa kumuuliza.

Mfano mmoja uone. Kwanini hasi mara hasi inatoa chanya? Shuleni tuliambiwa ni sheria, meza, twende. Gelfand na Shen wanakuwekea kwenye pesa, nami nitaiweka kwa shilingi zetu. Kupata elfu tano mara tatu ni kupata elfu kumi na tano, hiyo rahisi. Kulipa faini ya elfu tano mara tatu ni kupoteza elfu kumi na tano. Kukosa elfu tano mara tatu nako ni pungufu la elfu kumi na tano. Je faini ya elfu tano ambayo ulitakiwa kulipa mara tatu ikafutwa? Umebaki na elfu kumi na tano yako mfukoni, sawasawa na kupata. Hakuna cha kumeza hapo. Halafu wanaenda hivyo hivyo kidogo kidogo, maswali na majibu yamechanganyika na maelezo, mpaka wanakufikisha kwenye polinomia, mlinganyo wa kipeo cha pili, mfuatano, na mwishoni wastani wa aina mbili ambao ukiuelewa unaweza kujithibitishia mwenyewe kwanini kati ya mistatili yote yenye mzingo sawa, mraba ndio una eneo kubwa kuliko yote. Kama wewe upo fomu two au ulisahau kila kitu, ndicho cha kuanza. Kama upo chuo mwaka wa kwanza na unakwama, ndicho hicho hicho, na nisingependa mtu aone aibu kukishika.

Ukitoka hapo twende kwenye kitabu ambacho Tanzania, Kenya na Uganda kimelea vizazi, Pure Mathematics cha Backhouse na Houldsworth, kitabu cha kwanza na cha pili. Kila aliyepita advanced level na hesabu anamjua Backhouse, mara nyingi nakala iliyochoka, jalada limeshonwa kwa uzi, jina la watu wanne wamelifuta mbele. Nimeona vijana siku hizi wanakikwepa kwa sababu eti cha zamani. Hesabu ya A level haijabadilika kiasi hicho jamani, sine ni sine. Uzuri wa Backhouse ni vile viswali vidogo alivyoviweka katikati ya maelezo, vimeandikwa Qu., kabla hujafika kwenye zoezi lenyewe. Watu wanaviruka wakimbilie mifano. Usiviruke, ndiyo namna kitabu kinavyohakikisha umeelewa aya uliyoisoma sasa hivi, na kama Qu. ya ukurasa huu imekushinda basi ukurasa unaofuata utakushinda mara mbili. Majibu yapo nyuma. Wapo wanaompenda zaidi Tranter, wengine Bostock na Chandler, vyote vizuri na sitagombana na mtu, ila usivichanganye vitatu kwa wakati mmoja. Chagua.

Kalkulasi sasa. Hapa watu wengi wanaingiwa na hofu kabla hata hawajafungua, na hofu hiyo kuna mzee mmoja wa Kiingereza aliijua vizuri sana, Silvanus Thompson, alikuwa mhandisi na mwalimu wa umeme London, mwaka 1910 akatoa Calculus Made Easy bila kuweka jina lake, akaandika herufi tu kwamba ni mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Sura yake ya kwanza ni fupi mno na kazi yake ni moja tu, kukuondolea woga. Anakwambia hiyo d inayokutisha maana yake ni kipande kidogo cha, basi, dx ni kipande kidogo cha x, na ile alama ndefu ya intigresheni maana yake ni jumlisha vipande vyote.

Halafu anafundisha kitu ambacho shuleni hatukuwahi kuambiwa vizuri, kwamba udogo una madaraja. Dakika ni sehemu moja ya 60 ya saa, ni ndogo. Sekunde ni sehemu moja ya 60 ya dakika, yaani moja ya 3600 ya saa, ni udogo wa daraja la pili. Mtu akikuuliza umekaa saa ngapi hutamtajia sekunde. Sasa chukua mraba wenye upande x, urefushe kidogo kila upande kwa dx. Eneo jipya ni x² + 2x·dx + (dx)². Vile vipande viwili virefu pembeni, 2x·dx, ni vidogo, na kile kikona, dx mara dx, ni kidogo cha kidogo. Kama dx ni moja ya elfu basi kikona ni moja ya milioni. Kiache. Kilichobaki kinakwambia eneo linaongezeka kwa 2x kwa kila kipande cha dx, na hiyo ndiyo difarensiesheni ya x² ambayo umeimeza toka fomu five bila kujua ilitoka wapi. Chora huo mraba kwenye daftari lako, usiniamini mimi.

Walimu wengine wa hesabu watakwambia Thompson hana uthibitisho wa kutosha, na ni kweli, mambo ya limiti hayagusi kwa undani. Ukifika chuo na unataka msingi wenyewe utakutana na Calculus ya Michael Spivak na pale utalipia kila kitu, maswali yake ni magumu haswa. Lakini kumpa Spivak mtu ambaye hajawahi kuona mraba ule ukirefushwa ni kumfukuza. Thompson alifariki 1916, kitabu chake hakina haki miliki tena, kipo kwenye tovuti ya Project Gutenberg bure kabisa.

Fizikia. Kama una mdogo wako yupo darasa la saba au fomu one na anauliza uliza maswali, mtafutie Physics for Entertainment ya Yakov Perelman, kitabu cha 1913 hicho, mwandishi wake alifariki kwa njaa Leningrad 1942 mji ukiwa umezingirwa na Wajerumani. Kuna swali lake moja mwanzoni nalipenda mno: tunalizunguka jua kwa kasi zaidi lini, mchana au usiku? Fikiria kwanza kabla hujaendelea kusoma. Dunia inakwenda kwenye njia yake kuzunguka jua karibu kilometa 30 kila sekunde, na wakati huo huo inajizungusha yenyewe. Upande ulio usiku wa manane mzunguko wake unaelekea kule kule dunia inakokwenda, kwa hiyo kasi zinajumlishwa. Saa sita mchana zinatoana. Na kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta mzunguko ule ni karibu nusu kilometa kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya usiku wa manane na mchana inakaribia kilometa moja kila sekunde, umelala kitandani kwako Mwanza. Mtoto akishaonja hiyo hutamkataza tena fizikia.

Kwa anayesoma kwa mtihani au kwa kazi, O level kuna kitabu cha Abbott, na Kenya kuna vile vya KLB (Kenya Literature Bureau) ambavyo vina mpangilio mzuri sana na vinaingia kirahisi hata kama mtaala wako ni wa Tanzania. Advanced level ni Nelkon na Parker, Advanced Level Physics, ukipata na kile cha Muncaster pembeni sio mbaya. Nelkon ni mnene, maandishi madogo, na haongei sana, ila derivesheni zake zimenyooka, na mwisho wa kila sura kuna maswali ya mitihani ya Uingereza ya zamani yamewekewa herufi za bodi, L ya London, N, O. & C. na kadhalika. Yale maswali ya maelezo ya Nelkon ni dhahabu. Yanakutaka ueleze jaribio, uchore, useme makosa yanaweza kutoka wapi, halafu ndio ukokotoe. Mtu aliyefanya maswali ya Nelkon yote ya sura ya mzunguko wa vitu na ya mkondo wa umeme, akikutana na pepa ya NECTA, baraza letu la mitihani, hashtuki.

Tatizo la Nelkon ni kwamba ukikwama hakusaidii sana, anadhani una mwalimu. Kwa hiyo kama huna mwalimu naongeza University Physics ya OpenStax, hawa wapo chuo kikuu cha Rice kule Houston Marekani, wanatoa vitabu vya chuo bure, sio vya wizi, bure kihalali. Vipo vitatu: cha kwanza mekanika na mawimbi, cha pili joto na umeme na sumaku, cha tatu mwanga na fizikia ya kisasa. Kila hatua imeelezwa kwa maneno mengi, mifano imefanywa mpaka mwisho, na majibu ya maswali ya namba witiri yapo nyuma. Faili ni zito, subiri upate wifi au bando la usiku, au soma sura moja moja kwenye tovuti yao. Hapa nasema wazi, kama ningekuwa nafundisha leo shule isiyo na vitabu ningeanza na hivi.

Na Feynman je? Najua mlikuwa mnamsubiri. The Feynman Lectures on Physics ni mihadhara aliyoitoa Richard Feynman kwa wanafunzi wa Caltech, chuo cha California Marekani, kuanzia 1961 mpaka 1963, vitabu vitatu, na Caltech wenyewe wameviweka mtandaoni kusoma bure. Navipenda sana hivi vitabu. Sura yake ya nishati, ile ya mtoto mwenye vibao 28 ambavyo mama yake kila jioni anavihesabu na vikionekana vimepungua anavitafuta kwenye boksi na kwenye maji machafu, sijaona maelezo ya nishati haipotei yanayoifikia. Ila soma dibaji yake mwenyewe, anasema wazi kwamba akiangalia upande wa wanafunzi hadhani kama alifanya vizuri sana. Na humo ndani ya sura hakuna mazoezi. Unasoma, unafurahi, unahisi umeelewa ulimwengu wote, unafunga kitabu, unapewa swali la gari kwenye mteremko hujui pa kuanzia. Ni sawa na kumuangalia fundi mzuri akifungua injini. Kwa hiyo Feynman msome jioni ukiwa umemaliza maswali yako ya Nelkon au OpenStax ya topiki ile ile, hapo utaona vitu ambavyo mtu mwingine hataviona.

Kuna kimoja sio cha hesabu wala cha fizikia peke yake, How to Solve It cha George Pólya, kilitoka 1945. Pólya alizaliwa Budapest akaja kufundisha Stanford, na kitabu chake kinahusu kitu kimoja, ufanye nini ukikutana na swali usilolijua. Elewa swali, tafuta mpango, tekeleza, kisha rudi nyuma uliangalie jibu. Watu wanaisoma hiyo orodha wanaona ya kawaida. Lakini angalia wanafunzi wetu wanavyofanya, wanaruka kwenye fomula kabla hawajaandika kinachotafutwa ni nini na kilichotolewa ni nini, na wakipata jibu wanafunga. Yule wa lenzi aliyepata −5, angerudi nyuma akapachika kwenye fomula yake mwenyewe, 1/15 toa 1/5, asingepata 1/10 na angejua palepale. Soma kurasa chache tu za Pólya kwa wiki huku unaendelea na kitabu chako cha maswali.

Na kuna Irodov, Problems in General Physics. Hiki wanakisifu sana vijana wa India wanaojiandaa na mitihani ya kuingia IIT, vyuo vyao vikubwa vya teknolojia, na kwetu kimeanza kuzunguka kwenye simu za wanafunzi. Kina maswali zaidi ya 1800, mafupi, makali. Ni kizuri mno kwa aliyemaliza mekanika ya mwaka wa kwanza chuo na anataka kujipima. Kwa mtu wa fomu five ni mateso tu, na nimeona vijana wenye akili nzuri kabisa wanakaa na swali moja la Irodov jumapili nzima wakati hawajui kutenganisha vekta.

Kuhusu nondo na past pepa sina ugomvi nazo, nazo zina wakati wake, miezi ya mwisho. Shida ni mtu kuanza nazo fomu five mwanzoni, anakariri namna swali la 2014 lilivyofanywa, namba ikigeuzwa kidogo amepotea. Na zile desa za kuprintiwa zina makosa ya alama mengi, jumlisha imekuwa toa, na anayejifunza mwenyewe hana namna ya kujua kama kakosea yeye au kakosea aliyechapa.

Jambo jingine linalotuumiza ni lugha. Darasa la saba umesoma hisabati kwa Kiswahili, fomu one kila kitu Kiingereza, na vitabu vyote nilivyotaja hapa ni vya Kiingereza. Ninachowaambia wadogo zangu ni hiki, soma aya moja, funga kitabu, jieleze kwa Kiswahili chako cha nyumbani kwa sauti imesema nini, kama unamuelezea bibi. Ukishindwa bado hujaielewa, haijalishi umeisoma mara ngapi. Ukiweza, andika swali kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Inachelewesha mwanzoni, ila ukipiga msuli namna hiyo hutarudia topiki.

Pesa. Hivi vitabu vipya ni ghali, sio siri. Kwa Dar, Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi ipo toka 1967, ukilipia uanachama unakaa kutwa nzima, ni kimya na hakuna anayekusumbua, na mikoani nako kuna maktaba za mkoa ambazo watu wanapita nje kila siku bila kuingia. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Vya mitumba barabarani angalia kitu kimoja kabla hujatoa hela: fungua nyuma kabisa uone kurasa za majibu hazijachanwa. Backhouse isiyo na majibu mwachie muuzaji.

Kama una hela ya kitabu kimoja tu cha karatasi, nunua Backhouse cha kwanza, maana hicho utakishika miaka miwili na karatasi haimalizi chaji. Thompson na OpenStax pakua. Gelfand mtafute hata kwa kuchanga watatu mzungushe, maana ni chembamba na wiki chache mtu amekimaliza, na mkikaa watatu kila mtu afanye swali lake peke yake kwanza ndipo mlinganishe.